Walii wa Najla

Hivi wewe unayenisikiliza, umewahi kumfuata mwanao wa kumzaa barabarani kama mtalii, umebandikwa kifuani karatasi yenye jina la mwanamke mwengine? Basi Bi Suad yalimfika, na yalimfika mchana kweupe, siku ya Jumapili, katikati ya Landani, pale Soho Square, watu wamekaa kwenye majani wanakula sandwichi zao.

Karatasi ilikuwa imeandikwa Bharti. Bharti ni jirani yake wa Wembley, muuza vitambaa, mtu wa watu, wala hana habari kwamba jina lake linatembezwa mjini. Aliyekata tiketi za matembezi hayo kwenye simu ni shemeji yake Suad, Bwana Shaame, na kwa kuogopa kukataliwa kabla ya kufika akajaza majina ya Kihindi matupu. Yeye mwenyewe alijiita Arjun. Mzee Ziyad, dereva wa teksi aliyechukuliwa awe shahidi, akapewa Paresh, na tangu kwenye treni alikuwa akilalamika kwamba Paresh halimkai.

"Mtu ndevu zimefika kifuani, kofia ya viua kichwani, nani ataamini mimi Paresh?"

"Nyamaza, Paresh," Shaame akamjibu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Najla, binti wa mwisho wa Suad, alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ile. Ukumbi wa Edmonton umeshakodiwa, mpishi wa biriani ameshapewa chake, kanga za kutunza zimeshafika kutoka Unguja kwenye begi la mtu. Baba mtu ni marehemu. Na baba akiwa hayupo, babu naye hayupo, anayemwoza binti ni kaka yake wa baba mmoja mama mmoja. Huyo ndiye walii, ndiye anayemshika mkono bwana harusi na kumwambia nimekuoza. Ami, kama huyu Shaame, hafiki hapo, labda kaka awe amekufa, au atamke kwa ulimi wake kwamba amemwakilisha ami asimame pahala pake.

Na kaka alikuwa hai. Sufian. Alikuwa hai na yupo mji huu huu, kazi yake kuwatembeza watu mitaa ya Soho akiwaeleza habari za mashoga na wasagaji wa zamani, wapi walikutana, wapi walicheza ngoma, wapi walikamatwa. Na yeye mwenyewe ni mmoja wao. Hilo hakulificha. Aliwaambia nyumbani mdomo kwa mdomo, baba yake angali hai, na nyumba ikawa kama imemwagiwa maji baridi. Baba alipokufa, siku ya hitma Shaame alimsimamisha mlangoni akamwambia asitie tena mguu. Suad alikuwa chumbani, eda ndiyo kwanza imeanza, amefunikwa shuka jeupe, wanawake wamemzunguka. Maneno aliyasikia yote. Hakutoka.

Shaame alijaribu kwanza njia ya mkato. Alikwenda kwa sheikh, Mpemba mmoja mpole asiyepandisha sauti, akamwambia kijana huyu hafai kuwa walii, ni fasiki.

"Umemshuhudia kwa jicho lako akifanya nini?" sheikh akamuuliza.

Shaame akatazama zulia.

"Basi mlete, au niletee neno lake mbele ya shahidi. Kumruka siwezi. Sifungi ndoa ya mtoto wa watu kwa uvumi."

Najla alipoulizwa alijibu kwa Kiingereza chake kwamba anamtaka kaka yake, basi, akaingia chumbani akafunga mlango. Suad hakuulizwa na mtu. Aliambiwa tu avae. "Ukiwepo wewe hatokimbia," alisema Shaame. Akavaa buibui, juu yake koti la mvua, na chini viatu vya raba alivyokuwa akivalia kazini enzi zile akiosha wazee majumbani. Akatia katika mkoba vidonge vya presha na katlesi ndani ya karatasi ya fedha. Lakini tangu juzi, kila akiiona akilini ile picha ya Shaame ameushika mkono wa bwana harusi, alijikuta anazikunja upya zile kanga zilizokwisha kunjwa.

Usidhani alikwenda na huruma tupu. Hasira alikuwa nazo, tena za kwake mwenyewe. Alipopasuliwa jicho hospitali, Sufian alimpelekea maua. Maua! Mgonjwa wa jicho hapelekewi maua, hupelekewa mtu akae ubavuni. Ile chupa ya maua aliiweka dirishani mpaka yakaoza maji yakanuka, na hakumruhusu Najla ayatupe.

Basi Sufian akatokea, ameinua mwavuli wa njano uliofungwa ili watu wamwone, kipaza sauti kidogo kimening'inia kiunoni. Amekonda. Masikio yale yale ya baba yake yamesimama kama vipini vya sufuria. Akapita kwa wageni wake mmoja mmoja, anasoma majina, anapeana mikono, anacheka nao. Alipofika kwa watu wa Wembley kicheko kikabaki mdomoni tu, machoni kikatoka.

"Arjun," akasema kwa Kiingereza. "Paresh." Akamgeukia mama yake. "Na Bharti. Karibu sana. Umetoka mbali, Bharti?"

Ilikuwa kama kofi. Suad akauhamisha mkoba bega la pili. "Wembley," akajibu.

"Acha mchezo wewe," Shaame akamvaa kwa Kiswahili, sauti ya chini. "Sisi tumekuja kwa neno moja. Sema umeniwakilisha nimuoze Najla, mzee huyu asikie, twende zetu. Hatuna haja ya uchafu wako."

Sufian aliendelea kutabasamu kwa ajili ya wageni, na kwa tabasamu lile lile akajibu kwa Kiswahili, "Ami, nipo kazini. Nikimaliza nitakusikiliza. Mkitaka kunifuata, nifuateni. Hamtaki, kituo cha treni kile pale."

"Hatukufuati!"

"Tutamfuata," akasema Mzee Ziyad. "Mie magoti haya hayatarudi tena huku wiki hii."

Wakafuata. Mwavuli wa njano mbele, wageni nyuma yake, na mkiani watu watatu wa Wembley waliopishana na dunia. Suad alitembea macho yake chini, anahesabu vipisi vya sigara, maana kila alipoinua uso aliona dirisha la duka lenye mikanda ya ngozi na vivazi ambavyo hata majina yake hakuyajua, naye akajifunika mtandio vizuri. Aliogopa kuonwa. Landani ni kubwa, lakini Wazanzibari wake ni kama kijiji, na hapakosekani mtu atakayesema nimemwona Bi Suad Soho, tena na kibandiko.

Kituo cha kwanza kilikuwa mbele ya jengo la matofali, chini yake ngazi za kwenda ghala. Sufian akaeleza kwamba zamani, kabla ya vita vikuu vya pili, mahala kama pale palikuwa na vilabu vya chini kwa chini, wanaume wakicheza na wanaume. Polisi wakaja wamejifanya wateja, wakacheza nao, kisha wakawakamata. Mahakamani watu wazima wakaulizwa habari ya poda usoni, na kifungo kilikuwa kifungo kweli.

Shaame akainua mkono kama mtoto wa skuli. "Wazazi wao walikuwa wapi?" akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutaka watu wote wasikie.

"Swali zuri, Arjun. Wengine wazazi wao ndio waliokwenda kuwaita polisi."

Wageni wakacheka kidogo, kicheko cha kutojua kama ni mzaha. Shaame shingo ikamvimba. Akageukia Kiswahili, na sasa hakujali sauti. "Hanithi wee! Unasimama mbele ya makafiri unawakashifu wazazi? Baba yako kaburini anageuka. Laiti asingekuzaa. Laiti ungekufa ule ugonjwa wa surua, tukakuzika ungali malaika!"

Nyuma yao sauti ya kike ikasema, kwa Kiswahili, "Ai! Mzee! Kwani unafikiri ni wewe peke yako unajua Kiswahili hapa?"

Wakageuka wote watatu. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, koti la kijani, mkoba wa mgongoni. Kibandiko chake kimeandikwa Peris. Mkenya, nesi, ndivyo alivyojitambulisha baadaye, anaishi Edmonton.

"Mimi nimetoka night duty, sijalala," akaendelea Peris, "nimekuja kusikiza huyu kijana. Sikukuja kusikiza mtu mzima akiombea mtoto kifo. Kama hiyo ndiyo dini yako, iweke kwa mfuko mpaka tour iishe."

"Wewe mama haya hayakuhusu. Haya mambo ya nyumba."

"Nyumba gani? Tuko kwa barabara!"

Mzee Ziyad akaangua kicheko, akajifanya anakohoa. "Anasema kweli, Arjun. Tuko barabarani."

Suad yeye hakucheka. Lile la surua lilikuwa limemchoma. Surua ile aliiugulia Sufian Unguja, hajatimiza miaka mitatu, na aliyekesha naye akimpangusa kwa kitambaa cha maji ni yeye Suad, si Shaame. Shaame wakati ule alikuwa Dubai anauza redio. Akamtazama mwanawe kuona kama limemfika. Sufian alikuwa ameshageuka, mwavuli juu, anavuka njia, lakini masikio yale yalikuwa mekundu mpaka ncha.

Wakaenda mpaka Old Compton Street. Hapo watu wengi, meza zimetoka nje, muziki unagonga, vijana wa kiume wameshikana viuno. Shaame akawa anasema astaghfirullah kwa kila hatua, kwa nguvu, mpaka kijana mmoja mezani akamwiga, na meza nzima ikamcheka. Mwengine akamwonyesha kidole kile kibaya. "Rudini mlikotoka!" akapiga kelele, na aliyekuwa akimtazama akisema hivyo si Shaame, ni Suad na mtandio wake.

Sufian akasimama ghafla. Akarudi nyuma mpaka kwenye ile meza, akasema neno kwa Kiingereza, fupi, meno yamebana, hata Suad hakulishika. Yule kijana akashusha macho kwenye gilasi yake. Kisha Sufian akapita mbele ya mama yake bila kumtazama, kama amepita mti.

"Sikukuomba," Suad akamwambia mgongoni.

"Najua," akajibu. "Hujawahi kuniomba kitu."

Neno hilo likaingia. Suad akataka kurudisha jawabu kali, akalitafuta, akakuta maneno yote aliyokuwa nayo ni ya yale maua.

Kituo kilichofuata kilikuwa mbele ya baa. Hapo Sufian alizima kipaza sauti na kuwaambia wageni wasogee. Akasema mwaka tisini na tisa, mwezi wa nne, mtu mmoja alitega bomu la misumari ndani ya baa hii, Ijumaa jioni, imejaa watu. Watu watatu walikufa, mmoja wao mwanamke mwenye mimba, na wengi wengine walikatika viungo. Lakini kabla ya hapa, akasema, mtu yule yule alikwishatega jengine Brixton kwa ajili ya watu weusi, na jengine Brick Lane kwa ajili ya Wabangali Waislamu. Wiki kwa wiki. Hapa pakawa pa tatu.

Suad alizikumbuka zile wiki. Alikuwa akifagia maofisi, na kila asubuhi kwenye basi alitazama mabegi ya watu chini ya viti. Mumewe alimkataza asivae buibui jeusi mpaka mtu yule akamatwe. Brixton aliikumbuka na Brick Lane aliikumbuka. Ya tatu ilikuwa imemtoka kabisa, kama kwamba ilipigwa nchi nyengine.

Sufian akamtazama ami yake na kuhamia Kiswahili, polepole, kama anayemwelekeza njia mgeni. "Yule mtu, Ami, alikuwa na chuki moja tu. Mimi na wewe tulikuwa ndani yake, pamoja. Ila wewe ukaichukua ukaja nayo nyumbani."

"Usinifananishe na wewe!" Shaame akamshika ukosi wa koti. "Usinifananishe hata siku moja! Sema lile neno, sema sasa hivi, au wallahi nitaliimba jina lako barabara hii yote!"

Wageni wakaguta. Mzungu mmoja akatoa simu. Peris akaja mbio, akauweka mwili wake wote katikati kama anavyofanya wodini mgonjwa akizidiwa na hasira. "Toa mkono, mzee. Toa! Nitaita polisi, na mimi nikiita wanakuja."

Mzee Ziyad akamvuta Shaame kwa mkanda. "Muachie, bwana. Ukimpiga walii, uwakala atakupa kwa hiari au kwa kipigo? Sheikh atakwambia ni batili, haikusihi."

Shaame akaachia. Sufian akajinyoosha ukosi, akawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba samahani, huyu bwana ni jamaa yake, na ziara itaishia kwenye bustani ya kanisa pale juu. Hakuna aliyecheka safari hii. Wakatembea wamejigawa, wale mbele wanamtupia Suad macho ya chini kama yeye ndiye aliyewaharibia siku. Na Suad akaona, ndiyo, amewaharibia.

Bustani ya kanisa ipo juu kuliko barabara, unapanda ngazi. Ina mabenchi na miti michache. Sufian akawaambia wageni kwamba kila mwaka watu hukusanyika hapo kuwakumbuka waliokufa katika ile baa, akawashukuru, wakampigia makofi, makofi marefu kuliko kawaida, ya kumwonyesha ami mtu. Wakaondoka wawili wawili. Peris hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, akavua kiatu, akasema anapumzisha mguu. Mzee Ziyad akakaa pembeni yake akamwomba Suad katlesi, akampa na Peris moja, wakala.

"Ina pilipili vizuri," akasema Peris.

"Mkono wa Bi Suad huo. Hapa Landani utautafuta mfano wake."

Shaame hakukaa. "Haya. Umemaliza kazi yako ya heshima. Tamka."

"Najla anasemaje?" akauliza Sufian.

"Najla mtoto. Najla atafuata atakaloambiwa."

"Najla ana miaka ishirini na saba na ni mwanasheria."

"Unataka harusi ivunjike? Unataka watu wa bwana harusi waje wakuone wewe umekaa mbele ya sheikh, na wote wanajua kazi yako? Watainuka! Watamwacha dada yako kwenye hina yake! Hilo ndilo unalolitaka?"

Sufian akatazama pembeni, kwenye ukuta. Hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, Suad alimwona amechoka. Mwavuli ameushika kama fimbo ya mzee. Kumbe kila siku ya kazi anasimulia habari za watu waliofukuzwa, anapigiwa makofi, kisha anakwenda kwake peke yake.

"Hapana," akasema. "Hilo silitaki. Hamna haja ya kunipigia kelele, mngeniandikia tu ningewapa. Mnadhani nilikuwa nakingoja hicho kiti cha walii? Mzee Ziyad, sogea usikie vizuri."

Mzee Ziyad akafuta mikono kwenye kanzu, akasimama, uso umemwiva kwa aibu. Shaame akajiweka sawa kofia. Ushindi ulikuwa umeshaanza kumpanda usoni, akamgeukia shemeji yake. "Unaona, Bi Suad? Nilikwambia. Ukiwepo wewe mambo yatakwisha."

Sufian akavuta pumzi. "Mimi Sufian, walii wa dada yangu Najla, nime—"

"Nyamaza!"

Hata njiwa waliruka. Peris akaacha kutafuna. Suad mwenyewe alishituka, maana sauti ilikuwa yake na ilikuwa kubwa, sauti aliyokuwa akiwaitia watoto Unguja jua likizama.

"Shemeji, tafadhali," Shaame akaanza, "anatamka, mwache ata—"

"Nawe nyamaza, Shaame. Umesema tangu Wembley. Umesema tangu marehemu alipokufa." Akaibandua ile karatasi kifuani, ikang'ang'ania uzi wa buibui, akaivuta mpaka uzi ukakatika. Akamwendea mwanawe karibu, akamtazama kwa jicho lake zima na lile lililopasuliwa, bado ana hasira, wala hakuificha. "Wewe nimekukasirikia. Sikuzoea mambo yako na sijui kama nitayazoea, na leo nimetembezwa mitaa ambayo sikuwahi kuitaka. Hayo nakwambia kweli. Lakini uozaji wa Najla usimpe mtu. Wakiinuka, na wainuke, mlango upo. Mimi nataka uje wewe, Sufian. Nataka ukae mbele ya sheikh, umshike mkono yule kijana, na mimi nikusikie kwa masikio yangu unamuoza dada yako. Hilo ndilo ninalolitaka, na nililitaka tangu siku ya kwanza."